Madaraja ya Mbao Yenye Paa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa yanahusu madaraja ya mbao yaliyojengwa kwa kuta na paa, hasa yale ya Marekani na Kanada ya karne ya 19, pamoja na machache ya Uswisi na Uchina. Tumetumia maneno ya mafundi seremala. Kenchi ni ule muundo wa pembetatu unaobeba paa la nyumba. Katika madaraja haya kenchi mbili husimama kama kuta, moja kila upande, nazo ndizo zinazobeba barabara.

Kwa nini daraja linaezekwa paa?

Ili kenchi zisioze. Sababu nyingine zote ni za kando.

Mbao za sakafu ya daraja ni rahisi kubadilisha: unang'oa iliyochakaa, unapigilia mpya, asubuhi hiyo hiyo watu wanapita. Kenchi haibadilishwi hivyo. Ndani yake kuna viungo kwa mamia, na kila kiungo ni mahali pa maji kuingia na kukaa. Mbao hunywa maji kwa ncha zake zilizokatwa kuliko kwa ubavu, na ncha hizo ndizo zinazofichwa ndani ya viungo, mahali ambapo jua na upepo havifiki. Kuvu wanaoozesha mbao hawafanyi kazi kukiwa na unyevu chini ya asilimia 20 hivi. Ukifika karibu asilimia 30 na kubaki hapo, ndani huanza kuoza huku nje pakionekana pazima.

Daraja la mbao lililoachwa wazi katika hali ya hewa ya kaskazini mashariki mwa Marekani lilidumu kati ya miaka 10 na 20. Lililoezekwa na kutunzwa limevuka miaka 150, na mengine bado yanapitisha magari.

Je, si kweli kwamba paa liliwekwa ili farasi wasiogope maji, au ili theluji isijae?

Hayo yanasemwa sana. Farasi wengine kweli hutulia wasipoona mto chini yao, lakini hakuna halmashauri ambayo ingelipa gharama ya paa zima kwa ajili hiyo. Habari ya theluji ni kinyume kabisa. Majira ya baridi watu walisafiri kwa magari ya kuburuzwa, yasiyo na magurudumu, na magari hayo yalihitaji theluji chini. Kwa hiyo miji ilimlipa mtu kubeba theluji kwa koleo na kuitandaza *ndani* ya daraja. Kazi hiyo imeandikwa katika hesabu za miji mingi ya New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani.

Paa linaongeza nguvu za daraja?

Paa lenyewe ni mzigo, na theluji inapolala juu yake ni mzigo zaidi. Lakini boriti za kukingama zilizo chini ya paa, pamoja na vipande vya mshazari vinavyozishika kwenye kenchi, huzuia kenchi zisilale upande kwa upepo na huzuia boriti ya juu isipinde kama fimbo inayosukumwa kutoka ncha zote mbili. Kuta za mbao za nje hazibebi kitu cha kutegemewa. Ni koti.

Nguvu hasa ziko wapi?

Kila kenchi ina boriti ndefu ya juu, boriti ndefu ya chini, na katikati yake nguzo na mishazari. Mzigo ukipita, boriti ya juu hubanwa na boriti ya chini huvutwa. Mbao hustahimili kubanwa vizuri, na viungo vya kubanwa ni vyepesi kutengeneza: vichwa viwili vikutane sawasawa, basi. Kuvutwa ndiko kwenye shida. Hakuna mti wa kutoa boriti moja ya mita 40, kwa hiyo boriti ya chini lazima iungwe, na kila kiungo chake kinataka kuachana. Mafundi walikata viungo vya meno, kama mchoro wa radi, ili vipande viwili ving'atane. Hata kikikatwa kwa ustadi, kiungo hicho hupoteza nusu au zaidi ya nguvu ya mbao nzima. Ukitaka kujua kama fundi wa zamani alijua kazi yake, inama utazame viungo vya boriti ya chini.

Nani alianza?

Ulaya yalikuwapo zamani. Kapellbrücke ya Lucerne, Uswisi, ni ya karne ya 14. Katikati ya karne ya 18 Hans Ulrich Grubenmann, fundi seremala wa Uswisi, alijenga daraja la Schaffhausen juu ya mto Rhine lenye urefu wa karibu mita 119 kwa mapengo mawili tu (pengo ni nafasi inayovukwa bila nguzo chini). Jeshi la Ufaransa lililichoma mwaka 1799.

Marekani la kwanza kuezekwa lilikuwa daraja la mto Schuylkill mjini Philadelphia, kazi ya Timothy Palmer, lililokamilika mwaka 1805. Palmer hakuwa amepanga paa. Jaji Richard Peters, aliyeongoza kampuni ya daraja hilo, ndiye aliyesisitiza liezekwe, na Palmer, aliyekwisha kuona madaraja ya mbao yakioza, aliunga mkono. Baada ya hapo haikuwa tena desturi kujenga daraja kubwa la mbao na kuliacha wazi.

Kuna aina gani za kenchi?

Zipo nyingi, lakini ukizijua hizi nne utatambua sehemu kubwa ya madaraja yaliyobaki.

*Burr.* Theodore Burr alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi wake, mwaka 1817. Ni kenchi ya nguzo na mishazari iliyobanwa na tao la mbao kila upande, na miguu ya tao hushuka chini ya sakafu hadi kwenye ukuta wa mawe. Tao huongeza ukakamavu sana. Hii ndiyo iliyotawala Pennsylvania na Indiana.

*Town.* Ithiel Town hakuwa seremala wa madaraja. Alikuwa msanifu majengo wa New Haven, Connecticut. Hataza yake ya mwaka 1820 ni ya kenchi ya wavu: mbao nyembamba zinazopishana kama kimia, bila nguzo hata moja. Alidai dola 1 kwa kila futi ya daraja, na aliyekutwa amejenga bila ruhusa alitozwa dola 2. Tunaieleza kwa kirefu hapa chini kwa sababu, kwa maoni yetu, ndiyo kenchi iliyobadilisha kazi hii kuliko zote.

*Long.* Kanali Stephen H. Long, mhandisi wa jeshi, alipata hataza mwaka 1830. Kila chumba cha kenchi, yaani nafasi kati ya nguzo mbili, kina mishazari miwili inayopishana kama herufi X, pamoja na kabari za kukaza. Long alijua kukokotoa nguvu ndani ya kila kipande, jambo ambalo mafundi wengi wa wakati huo walilifanya kwa kukisia.

*Howe.* William Howe, mwaka 1840, aliondoa nguzo za mbao zinazovutwa na kuweka fito za chuma zenye nati. Mbao zikisinyaa, unakaza nati. Kampuni za reli ziliipenda mara moja. Kutoka hapo hadi daraja la chuma tupu hapakuwa mbali.

Daraja la wavu la Town lilijengwaje, hatua kwa hatua?

Kwanza mawe. Kuta za kingo zilijengwa kwa mawe makubwa, mara nyingi bila saruji, zikisimama juu ya mwamba pale ulipopatikana. Juu ya mawe ziliwekwa gogo mbili au tatu za kulalia, na miguu ya kenchi ikakaa juu ya gogo hizo, si juu ya mawe yenyewe. Gogo hizi zilikusudiwa kuoza kwanza. Kuzibadilisha ni kazi ya jeki na siku chache, wakati kubadilisha mguu wa kenchi ni kazi ya miezi.

Mbao zilitoka kwenye kinu chochote cha maji cha karibu. Hapo ndipo ubunifu wa Town ulipokuwa. Kenchi ya Burr ilidai boriti nene zilizochongwa na fundi anayejua kukata tundu na ulimi kwa kila kiungo, na kila kiungo kilikuwa na vipimo vyake, kikaandikwa namba za Kirumi kwa patasi ili kisichanganyikane na kingine. Kenchi ya wavu ilidai mbao za unene wa inchi 3 na upana wa inchi 10 hadi 12, zote za urefu mmoja, zote zenye matundu mahali pale pale. Mbao yoyote ingeweza kukaa popote. Seremala wa kujenga mabanda ya ng'ombe aliweza kazi hiyo.

Kwenye kiwanja tambarare karibu na mto, mafundi walitengeneza kielelezo kimoja, wakakitumia kupima na kutoboa mbao zote. Matundu yalitobolewa kwa keekee au mashine ya mkono yenye mipini miwili. Lazima tundu lisimame wima kabisa, kwa sababu msumari mmoja wa mti ulipita tabaka kadhaa. Tundu likilala kidogo, msumari unapasua mbao ya mwisho.

Mbao za wavu zilisimamishwa kwa nyuzi 45 hadi 60, kundi moja likiinamia kulia na jingine kushoto, zikiachana kwa futi 3 hadi 4. Zilipopishana, zilishikwa kwa misumari ya mti miwili. Zilipokutana na boriti ndefu za juu na za chini, misumari iliongezeka kuwa mitatu au minne. Boriti hizo ndefu nazo zilikuwa mbao nne zilizopangwa ubavu kwa ubavu, mbili kila upande wa wavu, na miisho ya mbao ilipishanishwa ili mahali popote ukikata pawe na mbao moja tu iliyoishia hapo. Yaani boriti hupoteza robo ya nguvu, si nusu. Daraja la mita 30 lilitumia misumari ya mti karibu elfu moja au zaidi.

Kisha jukwaa la muda. Nguzo zilisimamishwa mtoni, ama mwisho wa kiangazi maji yakiwa haba, ama katikati ya majira ya baridi juu ya barafu nene. Hiki ndicho kipindi cha hatari kuliko vyote, maana mvua moja kubwa milimani ilitosha kubeba jukwaa pamoja na kenchi ambayo haijakamilika. Juu ya jukwaa boriti ya chini ililazwa juu ya magogo mafupi na kabari, ikapandishwa kidogo katikati. Mwinuko huo ulikuwa akiba. Kila kiungo kitabonyea kidogo, kila mbao itasinyaa kidogo, na daraja litashuka. Lililoanza likiwa tambarare lingeishia kuwa na tumbo.

Wavu ukapachikwa, boriti za juu zikafungwa, boriti za sakafu zikapitishwa kutoka kenchi hadi kenchi, na chini ya sakafu ikawekwa mishazari ya X ya kuzuia upepo. Ndipo kabari zikaanza kulegezwa, kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda kingoni, pande zote mbili kwa pamoja. Ukilegeza upande mmoja haraka, kenchi hiyo hubeba mzigo wote na daraja hujikunja. Kulegeza vizuri huchukua muda. Mbao hulia, viungo hukaza, na fundi hupima kwa uzi kuona katikati pameshuka kiasi gani. Jukwaa likishaachia, paa likafuata, na mwisho kuta za nje.

Kwa nini misumari ya miti na si ya chuma?

Chuma kilikuwa ghali, lakini si hilo tu. Msumari wa chuma wenye unene wa kidole gumba hukata mbao laini mzigo unapokuwa mkubwa. Msumari wa mwaloni wenye kipenyo cha inchi 1½ hadi 2 una uso mpana wa kusukuma, na ugumu wake unakaribiana na wa mbao kuliko wa chuma. Siri yake ni ukavu. Msumari ulikaushwa kabisa, mara nyingine ukachovywa mafuta ya kitani, ukapigiliwa kwa nyundo kubwa ya mti kwenye mbao ambayo bado ina unyevu. Mbao ikisinyaa inaukumbatia msumari, na msumari ukivuta unyevu kidogo unavimba. Msomaji wa pwani anaweza kukumbuka mtepe wa Lamu, uliounganishwa kwa vijiti vya mti na kushonwa kwa kamba za nazi. Mahitaji yalikuwa tofauti, lakini maarifa ya kuacha mti ushike mti ni yale yale.

Mbao zilikuwa za mti gani?

New England walitumia zaidi spurusi (mti wa jamii ya msonobari) na msonobari mweupe: miti mirefu, iliyonyooka, myepesi kwa nguvu zake. Mwaloni ulibaki kwa misumari, kabari na sehemu zinazosagwa. Msonobari mweupe hauozi haraka, lakini spurusi huoza upesi ukilowa, na ndiyo maana madaraja ya spurusi huumia kwanza paa likivuja.

Liligharimu kiasi gani?

Mfano ulio wazi ni daraja la Cornish–Windsor, juu ya mto Connecticut, kati ya New Hampshire na Vermont. James Tasker na Bela Fletcher walilijenga mwaka 1866 kwa dola 9,000. Lina urefu wa karibu mita 137 kwa mapengo mawili, na kenchi zake ni za wavu wa boriti nene badala ya mbao nyembamba. Madaraja matatu yaliyolitangulia mahali pale yalichukuliwa na mafuriko. Wavukaji walilipa ushuru hadi mwaka 1943. Ukarabati uliomalizika mwaka 1989 uligharimu zaidi ya dola milioni 4.

Lipi ni refu kuliko yote?

Linalosimama leo ni la Hartland, New Brunswick, Kanada: mita 391, mapengo saba, kenchi za Howe. Lilifunguliwa mwaka 1901 bila paa na kuezekwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Katika historia yote, marefu zaidi ni madaraja mawili yaliyofuatana ya Columbia–Wrightsville juu ya mto Susquehanna, Pennsylvania, kila moja la zaidi ya kilomita 1.7. La kwanza lilivunjwa na barafu mwaka 1832. La pili lilichomwa tarehe 28 Juni 1863 na wanamgambo wa Pennsylvania wenyewe, ili jeshi la majimbo ya Kusini lisivuke wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani.

Ni nini huyaangusha?

*Maji yanayopanda.* Mto ukifikia boriti ya chini, daraja linageuka kuwa ukuta unaozuia mkondo. Miti na takataka hukusanyika upande wa juu na kusukuma. Daraja la mbao pia huelea: likilegea kwenye gogo zake za kulalia, mto hulinyanyua zima zima. Tarehe 28 Agosti 2011 mabaki ya kimbunga Irene yaliondoa mawili yaliyopendwa sana kwa siku moja. Old Blenheim, New York, lililojengwa na Nichols Powers mwaka 1855 kwa pengo moja la zaidi ya mita 60, lilisombwa na kuvunjika. Bartonsville, Vermont, la mwaka 1870, liliondoka baada ya mto kula udongo nyuma ya ukuta wa ukingoni. Wengi hawalitambui hili la pili: mara nyingi kenchi ni nzima na kinachofeli ni ardhi iliyobeba mguu wake. Yote mawili yamejengwa upya kwa kenchi za mbao, la Bartonsville likaanza kutumika mwaka 2013 na la Blenheim likakamilika mwaka 2018.

*Barafu.* Mwisho wa majira ya baridi barafu ya mto hupasuka na kushuka kwa mabamba mazito. Burr alijenga daraja la McCall's Ferry lenye tao moja la mita 110 hivi, likamalizika mwaka 1815. Barafu ililichukua mwaka 1818.

*Moto.* Daraja lenye paa ni bomba refu la mbao kavu lililo wazi pande zote mbili. Upepo wa mtoni hupita ndani yake kama mvukuto. Sehemu kubwa ya Kapellbrücke iliungua usiku mmoja wa Agosti 1993, pamoja na michoro mingi ya karne ya 17 iliyokuwa chini ya paa lake. Ilifunguliwa tena Aprili 1994. Marekani moto mwingi ni wa kuchomwa kwa makusudi. Daraja la Cedar, Iowa, lilichomwa mwaka 2002, likajengwa upya, likachomwa tena mwaka 2017.

*Magari mazito.* Daraja lililopangiwa mkokoteni wa majani makavu halikupangiwa lori la zege la tani 30. Kwanza huvunjika boriti za sakafu. Lori lenye kimo kupita kiasi hufanya ubaya mwingine: hung'oa boriti za kukingama za juu moja baada ya nyingine, na kenchi zinabaki zikiyumba bila mshiko.

*Tundu dogo kwenye paa.* Hili halipigwi picha, lakini limeua madaraja mengi. Kigae kimoja cha mbao kinapotea, tone linaangukia kiungo kile kile kila mvua, miaka minane inapita, na mguu wa nguzo umekuwa unga.

Nikiwa na jukumu la kukagua daraja, nianzie wapi?

Anzia nje, mbali, ukitazama mstari wa paa. Mgongo wa paa ukiwa na bonde katikati, kenchi zimeshuka. Paa likijipinda upande mmoja, mshiko wa juu umelegea. Kenchi za wavu zina ugonjwa wake: kwa kuwa mbao za kulia na za kushoto ziko katika tabaka mbili, wavu hujinyonga na kuvimba upande, kwa hiyo pima kwa timazi kila mita chache.

Halafu nenda kwenye miguu minne. Karibu uozo wote mkubwa uko ndani ya mita mbili za mwisho, mahali ambapo magari huingiza matope, na matope yenye chumvi ya barabarani hurundikana juu ya boriti ya chini na kushika maji. Ondoa uchafu kabla ya kupima chochote. Gonga mbao kwa nyundo: nzima hulia kwa sauti kali, iliyooza hulia kama ngoma iliyolegea. Chomeka bisibisi kubwa kwenye viungo. Ikizama bila nguvu, toboa tundu dogo uone unga unaotoka una rangi gani. Kipima unyevu cha sindano kinasaidia, lakini chukua vipimo ndani ya mbao na si juu tu.

Mwisho, viungo vya boriti ya chini. Kiungo kilichofunguka upana wa kidole si alama ya uzee wa kawaida. Kimevutwa, na kinapaswa kuonwa na mhandisi kabla ya gari jingine kupita.

Ukarabati unafanywaje bila kuharibu historia ya daraja?

Ukarabati bora huondoa kilichooza na kuacha kilicho kizima. Mguu wa boriti uliooza hukatwa kwa mshazari mrefu, kipande kipya cha mti wa aina ile ile hupachikwa na kufungwa kwa bolti. Kabla ya kukata, daraja lazima libebwe na jeki au nyaya, kwa sababu kenchi haijui kwamba unaitengeneza, itaendelea kuvuta.

Makosa tunayoyaona mara nyingi ni matatu. La kwanza ni kuvisha mbao bati, lami au rangi nzito kwa nia ya kuikinga, kumbe unyevu unafungiwa ndani. La pili ni kujaza uozo kwa gundi ngumu: gundi haisinyai pamoja na mbao, ufa unazuka pembeni, maji yanaingia hapo hapo. La tatu ni kupitisha boriti za chuma chini ya sakafu na kuziacha zibebe kila kitu. Barabara inakuwa salama, na wakati mwingine hakuna njia nyingine, lakini kenchi inabaki pambo, na pambo halikaguliwi. Baada ya miaka 20 linaoza bila mtu kujua.

Marekani serikali kuu ilianzisha mpango wa kuhifadhi madaraja haya mwaka 1998, na mwaka 2005 idara yake ya barabara kuu ilitoa mwongozo mnene wa wahandisi. Yaliyobaki nchini humo ni chini ya elfu moja. Pennsylvania inaongoza kwa takriban 200.

Mchwa hawayali?

Kaskazini mwa Marekani na Kanada baridi huwazuia mchwa, kwa hiyo adui wa huko ni sungusungu wakubwa weusi wanaochimba vyumba ndani ya mbao laini, na mbawakawa wanaoacha matundu ya ukubwa wa ncha ya kalamu na unga laini chini yake. Wote wawili hupenda mbao iliyokwisha kulowa. Ukiwaona, tafuta linapovuja paa kabla ya kununua dawa.

Madaraja ya Uchina ni ya namna hii?

Sura inafanana, kanuni ni tofauti. Milimani katika majimbo ya Fujian na Zhejiang tao la chini hufumwa kwa magogo: seti mbili za magogo marefu hupishana kwa kubanana na magogo ya kukingama, kila moja likilizuia jingine lisidondoke. Nyumba iliyo juu hulinda tao na mvua, na uzito wake pia hulituliza, kwa maana tao jepesi lililofumwa linaweza kuruka viungo likisukumwa kutoka chini. Kwa hiyo huko paa lina kazi mbili. UNESCO iliandikisha ufundi huo mwaka 2009 katika orodha ya urithi unaohitaji ulinzi wa haraka. Daraja la Wan'an, Fujian, lenye urefu wa karibu mita 98, liliungua Agosti 2022.

Naishi New England. Nikienda kuyatazama, nitatambuaje aina ya kenchi?

Simama mlangoni, subiri macho yazoee giza, kisha tazama ukuta wa ndani. Ukiona mbao nyingi zinapishana kama wavu wa samaki, ni Town. Ukiona tao kubwa linalopanda kutoka sakafuni, ni Burr au mojawapo ya jamaa zake. Herufi X katika kila chumba pamoja na fito za chuma zilizosimama ni Howe. X na nguzo za mbao tupu huenda ikawa Long. Shuka chini ukingoni ikiwa pana njia salama, uone miguu ya tao na gogo za kulalia. Usiwashe kitu chochote cha moto, hata sigara.

Ninaweza kulivuka kwa gari?

Mengi yanaruhusu magari madogo, mengine ni ya miguu tu. Soma kibao cha tani na kibao cha kimo kabla ya kuingia, na ukikodi gari refu la kubebea samani za kuhama, kitazame kibao cha kimo mara mbili. Ingia ikiwa hakuna gari linalotoka upande wa pili, washa taa, nenda mwendo wa mtu anayetembea. Kishindo cha mwendo wa kasi hufanya mzigo uzidi uzito wa gari lenyewe, na mafundi wa zamani walilijua hilo: kibao kilicho juu ya mlango wa Cornish–Windsor kinawaamuru wapanda farasi wawatembeze farasi wao taratibu, la sivyo walipe faini ya dola 2.